Bamba la Kisenyi

Wamalwa alikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo lililoanza kuharibu mambo. Fundi mbaya huiogopa mashine, akaikaribia kwa adabu. Fundi mzuri huizoea, na mazoea, wazee walishasema, yana taabu.

Alitoka Bungoma akiwa kijana mwembamba mwenye sanduku la bati, akafikia kwa binamu yake kwenye nyumba za reli kule Nsambya, Kampala, akaanza kwa kubeba mbao za watu mpaka siku moja mtu akampa randa ashike. Sasa alikuwa na karakana Bukoto, nyuma ya saluni, kwenye yadi ya mafundi. Alikuwa na mke, Nakhisa, aliyeuza nguo za watoto sokoni, na mtoto mmoja wa kiume, Travis, aliyekuwa akisoma kwao Bungoma. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na aliimba kama alivyofanya kazi: kwa nguvu, bila kuangalia kitabu. Milango yake ya makabati ya jikoni ilijulikana mpaka Ntinda, na yeye mwenyewe alijua kuwa inajulikana. Hapo ndipo penye neno.

Karakana aliichangia na Jibril, mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi, wa ukoo wa Waislamu wenye asili ya pwani ambao babu zao waliingia Uganda na biashara wakasahau kurudi. Jibril alitengeneza vitanda, na marufaa za kuwekea msahafu, lakini asubuhi tu. Alasiri alifundisha watoto chuoni, karibu na msikiti, ndiyo maana yadi nzima ilimwita Maalim. Kurani yote alikuwa nayo kichwani. Alikuwa akiketi amefumba macho, watoto wanasoma kwa zamu, na mtoto akiteleza herufi moja tu, Maalim anamrudisha bila kufumbua. Wamalwa, Mkristo wa kuimba besi, alimpenda mzee huyo kuliko alivyowapenda jamaa zake wengi.

Basi Wamalwa akanunua ruta. Ruta, kwa asiyeijua, ni mashine ya mkono yenye kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi ya kutisha, na ndiyo inayochonga mifereji na mapambo kwenye kingo za mlango. Ukiishika mkononi, unaisukuma juu ya mbao polepole. Ukiitundika chini ya meza, kisu kikachungulia juu kupitia tundu, mbao ndiyo inayosukumwa, na kazi ya kutwa inakwisha kabla ya chai. Wamalwa aliitaka meza hiyo. Mwenye nyumba mmoja wa Naguru alikuwa amemwagiza milango ya jiko zima, na kwa mkono asingemaliza hata kwa mwezi.

Meza yenyewe si tatizo. Tatizo ni bamba. Ubao wa meza ni mnene mno, ruta haiwezi kufungwa chini yake kisu kikafika juu. Unakata dirisha katikati ya meza, unaliziba kwa bamba jembamba lililo gumu, na ruta inaning'inia kwenye bamba hilo. Uzito wote wa mashine uko hapo, na vidole vya fundi havina mlinzi mwingine.

Mjini, kwenye duka moja la vifaa, yeye na Jibril waliliona la dukani: alumini nene, limenyooka kama kioo cha dirisha, lina pete za kubadilisha upana wa tundu, na vijiskrubu vya kulisawazisha na meza. Ukitaka kubadili kisu, unalinyanyua lote, ruta na yote, unaiweka mezani mbele ya macho yako na kufanya kazi kwa nafasi. Jibril alilipapasa akasema wachange wanunue hilo, meza si wataitumia wote? Wamalwa akaangalia bei, akacheka, akasema Wachina wanawauzia watu sufuria na kuiita dawa. Alijua Kisenyi, alisema. Kisenyi hakukosekani chuma.

Na kweli alilipata. Muuza vyuma chakavu alilivuta kutoka chini ya rundo, bamba la alumini lililowahi kuwa ubavu wa gari fulani, akalipiga kofi ili lilie. Wamalwa alikuja na rula yake ya chuma. Akailaza juu ya bamba, akainama, akaona mwanga unapita katikati, mwembamba kama uzi.

"Liko na tumbo," alisema.

"Ssebo, hiyo ni kidogo sana," muuzaji akamwambia. "Ukikaza na skulubu, inalara yenyewe."

Rahisi huvunja upishi, na Wamalwa alikuwa ameusema msemo huo kwa wateja wake mara nyingi walipotaka plaiwudi ya bei ya chini. Siku hiyo haukumjia. Alilifunga bamba kwenye gazeti akaja nalo Bukoto akiimba.

Kazi ya kulipachika aliifanya vizuri, lazima tumpe haki yake. Alililaza bamba juu ya meza, akalichora pembeni kwa kisu si kwa penseli, maana penseli inadanganya. Akatoboa pembe kwa drili, akakata dirisha kwa ndani ya mstari, kisha akachonga kitako cha kukalia bamba pande zote, akipunguza kidogo kidogo na kulijaribu, mpaka likaingia kwa kubanwa na dole gumba. Ukipitisha ukucha kutoka ubaoni hadi kwenye bamba, ukucha haukukwama. Tundu la kisu alilitoboa kwa msumeno wa duara aliokuwa nao, ambao ulikuwa mdogo kuliko ilivyotakiwa, akasema litatosha.

Lakini alipoitundika ruta, bamba lilibonyea. Tumbo lilelile la Kisenyi sasa liligeuka shimo, na mbao ya kwanza aliyoipitisha ilitoka imechongwa kina huku na haikuguswa kule. Alichukua skrubu akalikaza bamba kwenye kitako, upande baada ya upande, na vipande vya mbao ngumu chini yake, mpaka rula ikalala bila mwanga. Lilinyooka. Akatabasamu, akamwita Jibril aje aone.

Hebu tazama sasa alichokuwa amekijenga. Bamba limekazwa pande zote, kwa hiyo halinyanyuki tena. Tundu ni dogo, kwa hiyo nati inayoshika kisu haifikiki kwa juu. Anayetaka kubadili kisu sharti apige magoti, aingize mikono yote miwili chini ya meza na kupapasa gizani, spana mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Kitufe cha ruta nacho hakifikiki huko, kwa hiyo alikifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kibaki kimebonyezwa daima, na mguuni mwa meza akapigilia swichi ya kuwasha na kuzima. Swichi ya taa, ile ya kawaida ya ukutani. Ilikuwepo kwenye droo.

Jibril alitazama yote hayo, akauliza kama mtu anaweza kulifungua bamba akitaka. Wamalwa akamjibu kwamba bamba zuri halifunguliwi ovyo, kama ndoa. Wakacheka wote wawili. Milango ya Naguru ikaanza kutoka, mizuri kwelikweli, na mafundi wa yadi wakaja kuishika meza na kusifu, na Wamalwa akawaeleza mara kadhaa jinsi wenye maduka wanavyowaibia wajinga.

Sasa habari ya umeme. Yadi ile ililetewa laini tatu, na kwenye ukuta wa nyuma wa saluni kulikuwa na sanduku lenye mpini. Laini moja ikifa, unausogeza mpini kwenye laini iliyo hai, kazi inaendelea. Kila yadi ya Kampala inayojua shida inalo sanduku kama hilo. Lakini kwa sababu mchomeleaji wa vyuma aliwahi kutupwa chini na umeme uliorudi bila hodi, yadi iliweka sheria: anayeshika mpini hupaza sauti, "Naweka!" na kila karakana hujibu, "Weka!" Asipojibiwa na wote, hagusi. Sheria hiyo hata walevi waliishika.

Mwenye saluni, Aol, alikuwa mgeni. Alihamia kutoka Gulu, mwanamke mpole mwenye mikono ya haraka, na sheria ya yadi hakuna aliyekumbuka kumwambia. Asubuhi moja laini ikafa, mteja wake akiwa chini ya draya na nywele mbichi. Aol akatoka nyuma, akauona mpini, akausogeza.

Wakati huo Wamalwa alikuwa amepiga magoti, mikono chini ya meza. Umeme ulipokatika alikuwa amezima swichi. Alikumbuka mlio wake chini ya kidole. Akaweka spana kwenye nati. Ndipo kile kitu kikanguruma mikononi mwake. Spana iliruka ikagonga ukuta, mkono wa ovaroli ukanyakuliwa ukachanika hadi kiwikoni, naye akajikuta amekaa sakafuni, anavihesabu vidole vyake kama mtoto wa chekechea. Vilikuwepo vyote. Mashine ilikuwa bado inanguruma juu ya kichwa chake.

Akaitazama swichi. Ilikuwa upande wa kuzima.

Aliipiga kwa kiganja, mashine ikanyamaza. Akaiwasha, akaizima, ikatii. Akaiwasha, akaiacha ifanye kazi mpaka ipate joto, akaizima. Mashine ikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyeigusa. Akaelewa. Swichi ile ilitengenezwa kubeba balbu, na yeye ameibebesha ruta. Ndani vyuma vyake viliungua vikashikana. Ilikuwa ikisema imezima wakati haijazima.

Watu walikuwa wanakuja. Mchomeleaji alitangulia, kisha Jibril, kisha Aol mwenyewe akiwa na chanuo mkononi. Waliona ovaroli iliyochanika. Walikuwa ndio walewale walioisifu meza juzi. Na Wamalwa, badala ya kuinyoshea kidole swichi, akamnyoshea Aol.

Alimgombeza mbele ya yadi nzima. Alimwambia angemuua, kwamba hapa si kwao, kwamba mtu asiyejua kitu haulizi? Aol alilia. Mchomeleaji akamuuliza Wamalwa kama swichi alikuwa ameizima. Swali hilo lilikuwa limefika, na lilikuwa rahisi.

"Bado," Wamalwa alisema. "Nilikuwa nataka kuzima, huyu akaweka stima."

Yadi ikatikisa vichwa. Wakakubaliana juu ya funzo la siku hiyo: Aol asiguse tena mpini, na kila atumiaye meza ahakikishe amezima swichi kabla ya kuingiza mkono. Jibril alilirudia funzo hilo kwa sauti, kama anavyorudia aya kwa watoto, ili likae.

Wamalwa alikusudia kununua swichi nyingine. Amini usiamini, alikusudia. Lakini swichi ya kufaa ilikuwa mjini, milango ya Naguru ilikuwa imechelewa, na kuibadilisha mchana kweupe ingekuwa kumwambia kila mtu kwamba meza ilikuwa na kasoro tangu mwanzo na kwamba Aol alitukanwa bure. Kwa hiyo alianza kuchomoa plagi kila alipobadili kisu. Siku moja Jibril akamwona, akamuuliza mbona anahangaika na plagi, swichi si ipo karibu?

"Ni mazoea ya Kenya, Maalim," alisema. "Sisi tunaogopa stima."

Jibril akacheka, akarudi kwenye kitanda chake. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio wakati mwingine hukosea nyumba.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Jibril alikuwa mezani tangu asubuhi, akichonga mbao za kichwa cha kitanda, na mashine ilikuwa imepata joto. Wamalwa alikuwa nje, kwenye benchi la saluni, akinywa chai na kuongea na mchomeleaji habari za mpira. Umeme ukakatika. Draya za Aol zikanyamaza, na redio ya fundi cherehani, na ruta.

Aol alitoka mlangoni. Tangu siku ile hakuwahi kuukaribia ule mpini, hata kwa kufagia. "Mzee," alimwambia Wamalwa kwa upole, "niko na bibi harusi ndani. Tafadhali tuwekee."

Wamalwa akasimama, akaenda kwenye sanduku, akaushika mpini.

"Naweka!"

Fundi cherehani akajibu, weka. Mchomeleaji, pale pale benchini, weka. Kisha kutoka ndani ya karakana, kwa sauti ya mtu aliyeinama, sauti tulivu ya Maalim:

"Weka!"

Sauti ilitoka chini ya meza. Wamalwa aliisikia kwamba inatoka chini ya meza. Hilo si jambo ambalo alikuja kulijua baadaye. Alilijua hapo hapo, mkono ukiwa kwenye mpini. Neno lilikuwa tayari kinywani: Maalim, chomoa kwanza plagi. Maneno machache tu. Lakini mchomeleaji alikuwa amegeuka anamtazama kwa nini anasita, na Aol alikuwa amesimama karibu naye kabisa, na mmoja wao angeuliza, plagi ya nini, kwani swichi haizimi? Akajiambia kwamba si kila mara inashikana. Akausogeza mpini.

Jibril hakupiga kelele. Kilichosikika ni mngurumo, na kitu kama kijiti kinachovunjika, na baadaye sauti yake ikimtaja Mungu polepole, mara nyingi, bila kupanda.

Wamalwa ndiye aliyeingia wa kwanza. Alichomoa plagi. Alimfunga mkono mzee kwa shati lake mwenyewe, akambeba na mchomeleaji hadi kwenye gari la mteja wa Aol, lile lililopambwa kwa ajili ya harusi. Kisha akasema amesahau simu, akarudi ndani peke yake. Swichi ilikuwa pale mguuni mwa meza, upande wa kuzima, mahali Jibril alipoiacha. Wamalwa akaibonyeza, ikaenda upande wa kuwasha. Akatoka mbio, akapanda gari, wakaelekea hospitali ya Nsambya.

Madaktari wa hospitali ya kilimani waliuokoa mkono, lakini vidole viwili havikuokoleka: cha kati, na kile cha shahada. Wamalwa alipokwenda kumwona siku ya pili alimkuta anaswali kitandani, ameegemea mito, na ilipofika mahali pa kuinua kidole aliinua bonge zima la bandeji. Mkewe, Bi Hindu, alikuwa kwenye kiti pembeni, anatazama dirishani ili asitazame hilo.

Jibril alipotoa salamu ya kumaliza swala alifurahi kumwona. Alimuuliza habari za Nakhisa na za Travis, akataka kujua kama milango imefika Naguru. Wamalwa alijibu, akaweka machungwa mezani. Alikuwa amekuja na hotuba ndefu, na njia nzima alikuwa ameupanga mwanzo wake.

"Baba Travis," Jibril alisema, "nataka nikuulize kitu kimoja, nawe unijibu kweli. Wewe uliingia wa kwanza."

"Ndiyo, Maalim."

"Mimi nakumbuka nilizima ile swichi. Stima ilipokatika nilizima, nikaisikia inalia tak, ndio nikaingiza mkono. Ndio maana nilikujibu weka. Nimelala nalo usiku mzima, na kila nikirudi, naikuta nimeizima. Wewe uliikuta wapi?"

Bi Hindu aligeuka kutoka dirishani. Nje, mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula, na magurudumu yake yalipita mlangoni yakaenda mpaka mwisho wa ujia. Wamalwa alingoja yaishe. Alimtazama mzee usoni, akaona hamlaumu mtu yeyote. Alichotaka ni kujua tu.

"Niliikuta imewashwa, Maalim," alisema.

Midomo ya Jibril ilitembea kidogo, kama ya mtu anayeirudia aya kutoka mwanzo ili aone alipoteleza.

"Imewashwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nakumbuka tak." Alitazama bandeji, kisha akamgeukia mkewe. "Mama Jannat, wapelekee habari chuoni. Sheikh Hamdun awachukue wale watoto, asingoje nipone."

Bi Hindu akamwambia hilo si la kusema leo, mkono utapona, na watoto hawasomi kwa vidole.

"Sisemi mkono," Jibril alisema. "Nasema kichwa. Kama kinanikumbusha kitu ambacho sikufanya, nitajuaje nikiwasomesha aya kwamba ndiyo yenyewe? Nitakuwa nawapa watoto wa watu makosa, na mimi nina hakika."

Akafumba macho. Wamalwa alibaki amekaa, mikono yake miwili magotini, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha.